Hizo za "maumivu tu" nazo ni dawa

Mhariri,

Nimekuwa mtunza ghala kwa miaka 31. Kazi ile humfundisha mtu mambo mawili: hakiingii kitu bila kuandikwa, na kitu kimoja hakipewi majina mawili. Nilistaafu nikiwa na sifa ya mzee asiyepoteza hata parafujo. Sasa nina miaka 72, na nakuandikia kukiri kwamba ghala pekee lililonishinda kulitunza ni tumbo langu mwenyewe.

Mambo yalianzia kwenye goti la kulia. Kliniki huwa nakwenda kila baada ya miezi 3 kwa ajili ya presha, na siku moja nikalitaja goti nikiwa nimeshasimama kuondoka, kama tufanyavyo wazee, jambo lenyewe tunaliacha hadi mlangoni. Nikajibiwa kwa upole, "Mzee, hiyo ni miaka." Ni kweli ni miaka, lakini miaka inauma. Nikapita duka la dawa nikatoka na ibuprofeni za miligramu 400. Kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Baada ya siku mbili goti likanyamaza na nikaanza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Nani angekilaumu kidonge cha namna hiyo? Karatasi iliyokuwa ndani ya boksi ilisema maumivu yakizidi siku 10 mtu akamwone daktari. Hilo nimelijua baadaye. Karatasi niliitupa siku ileile ya kwanza, kwa kuwa herufi zake zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa. Siku 10 zikawa miezi 4.

Ndani ya miezi hiyo presha yangu, iliyokuwa imetulia miaka mingi, ikaanza kupanda. Wakanipima wakakuta 172 kwa 98. Daktari akauliza kama vidonge vyangu navimeza. Nikasema navimeza, na ilikuwa kweli. Akauliza, "Kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?" Nikasema hakuna. Na hilo, Mhariri, nililisema kwa moyo mweupe kabisa, bila chembe ya nia ya kudanganya. Akaniongezea kidonge cha enalaprili. Mara miguu ikavimba, ukibonyeza juu ya kifundo kidole kinaacha shimo. Nikaongezewa dawa ya kupunguza maji mwilini, ile inayokukojoza. Halafu kikaja kikohozi kikavu cha kuwasha kooni, hasa usiku, mpaka mke wangu akahamia chumba kingine. Sikukipeleka kliniki. Kikohozi nacho ni cha kumpelekea daktari? Nikanunua dawa ya maji.

Nimekuja kuelewa kwamba enalaprili na ndugu zake, zile zenye majina yanayoishia na "prili", huwaletea baadhi ya watu kikohozi cha aina hiyohiyo. Dawa ya maji niliyonunua ilikuwa na pseudoefedrini ya kuzibua pua, nayo inaweza kupandisha presha. Na ibuprofeni, iliyoanzisha msafara wote huu, hupandisha presha na kuufanya mwili ubaki na maji na chumvi nyingi. Yaani nilikuwa nameza dawa ya kutibu dawa iliyoletwa na dawa. Ghalani tungesema mtu anaingiza mzigo kwa mlango wa mbele huku ameshatoboa ukuta wa nyuma.

Kilichonistua ni kipimo cha damu. Kreatinini ilikuwa imepanda, maana yake figo zilikuwa zinachuja kwa shida. Daktari, ambaye kwa kweli simlaumu, aliniambia nipitie kwa mfamasia wa hapohapo kabla sijaondoka. Nikamkuta binti wa rika la mwanangu wa mwisho. Akaniamkia, akavuta kiti, halafu akaanza kuuliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa.

"Mzee wangu, kichwa kikikuuma huwa unameza nini?"

Nikamwambia.

"Na goti?"

Nikamwambia.

"Ukikosa choo siku mbili?" Nikamwambia, kwa aibu kidogo. "Kiungulia je? Usingizi usipokuja? Pua ikiziba?"

Kila alipouliza lilitoka jina. Kila lilipotoka jina aliandika, na kila alipoandika mimi nilizidi kuzama kwenye kiti. Yeye hakuuliza "unatumia dawa gani". Aliniuliza nini kinaniuma na nakifanyia nini. Ukiniuliza dawa ninazotumia, mimi nahesabu zile zilizoandikwa na daktari kwenye cheti. Hizo nyingine kichwani mwangu hazikuwa dawa. Zilikuwa "za maumivu tu", "ya mafua tu", "ya tumbo tu". Nimekaa na hili neno "tu" kwa muda sasa na nimegundua ni neno la hatari sana. Sikilizeni wazee wakiulizwa, mtalisikia. Ni kana kwamba kitu kikishanunuliwa bila cheti, ini na figo hupewa taarifa kwamba hiki ni cha hivihivi, kisihesabiwe.

Akaniambia kesho yake nirudi na mfuko. Ndani niweke kila ninachomeza, ninachopaka, ninachonyunyiza puani, hata kilichobaki kidonge kimoja, hata kilichopitwa na tarehe. Nikarudi navyo. Akavipanga mezani kimoja kimoja. Vilikuwa 13. Vya hospitali 4. Vilivyobaki 9 nilijiandikia mwenyewe, bila kusomea.

Kisha akafanya jambo ambalo mtunza ghala hawezi kulisahau. Alichukua maboksi mawili, moja jekundu la vidonge vya maumivu, moja la bluu la unga wa mafua ule wa kukoroga kwenye maji ya moto, akayageuza upande wa nyuma na kuyaweka bega kwa bega. Akanipa lenzi ya kukuzia maandishi. "Nisomee hapa, mzee wangu, palipoandikwa kilichomo." Nikasoma la kwanza: parasetamoli miligramu 500. Nikasoma la pili: parasetamoli miligramu 650, na vingine.

Majina mawili, rangi mbili, bidhaa moja. Ghalani kwangu kijana akiingiza kitu kimoja kwenye kadi mbili kwa sababu tu kimekuja na maboksi tofauti, nilimrudisha kuhesabu stoo nzima upya. Sasa nilihesabu mimi. Siku za mafua nilikuwa nameza vidonge viwili mara 3, hiyo ni miligramu 3,000. Unga nao mara 3, miligramu 1,950. Jumla 4,950. Mtu mzima mwenye afya haruhusiwi kuzidisha 4,000 kwa siku, na mzee mwembamba, au mwenye ini lisilo imara, au anayekunywa pombe, hushauriwa kubaki chini ya hapo. Nilikuwa nimevuka mpaka huku najiona mtu wa kiasi, kwani kila boksi nililifuata kama lilivyoelekeza. Tatizo nililifuata kila moja peke yake. Na parasetamoli ikizidi haipigi kelele. Mtu anaweza kujisikia mzima siku ya kwanza wakati ini linaendelea kuharibika. Ndiyo maana aliyezidisha anatakiwa kukimbizwa hospitali akiwa bado anajiona hana shida, maana dawa ya kumwokoa inafanya kazi vizuri zaidi ikiwahi.

Tangu siku hiyo sisomi tena jina lililoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya boksi. Hilo ni jina la biashara. Natafuta jina la dawa yenyewe, ambalo huwekwa dogo, pembeni au nyuma.

Kuhusu figo, alinichorea nyuma ya cheti. Alichora kichujio kidogo chenye mirija miwili, mmoja wa kuleta damu, mmoja wa kuitoa. Ili kichujio kichuje lazima damu ije kwa nguvu ya kutosha. Ibuprofeni na jamaa zake, kama diklofenaki, hubana mrija wa kuingiza, kwa sababu zinazuia kemikali ambazo pamoja na kuleta maumivu na uvimbe ndizo zinazouacha mrija ule wazi. Vidonge vya "prili" hulegeza mrija wa kutoa. Dawa ya kukojoza hupunguza maji yenyewe. Kila moja kwa wakati wake na kwa mtu wake ina faida. Zikikutana tatu kwenye figo za miaka 72, ambazo tayari kasi yake ya kuchuja imeshapungua kwa umri, kichujio kinakosa msukumo. Nimefanya kazi na pampu na mabomba. Nilielewa mara moja, na jasho likanitoka.

Kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo. Kwa hiyo ibuprofeni na jamaa zake, kwa kuzizuia, huweza kuchimba vidonda, na kwa wazee vidonda hivyo mara nyingine haviumi kabisa. Unachokiona ni choo cheusi kinachonata kama lami, au uchovu usioeleweka. Mimi nilikuwa nimejiongezea aspirini ndogo ya kila siku, eti inasafisha damu. Niliisikia kwa watu. Binti akaniuliza kama nimewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi. Sijawahi. Akanieleza kwamba mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Australia na Marekani, watu zaidi ya 19,000, wengi wa miaka 70 na kuendelea, wasio na ugonjwa wa moyo. Aspirini haikuwaongezea miaka ya kuishi wakiwa wazima, ila kutokwa na damu kulikohitaji hospitali kuliongezeka. Tafadhali, aliyewekewa kizibua mshipa wa moyo au aliyewahi kuugua kiharusi asisome barua yangu akaitupa aspirini yake. Hesabu yake ni nyingine, na anayejua ni daktari wake. Yangu mimi ilifutwa, na aliyeifuta ni daktari.

Nimeanza kuwauliza wenzangu, na kumbe ghala bovu si langu peke yangu. Rafiki yangu mmoja, ambaye ataniua akijua nimemwandika, ana tezi dume iliyotanuka. Alishikwa na mafua, akanunua vidonge vya mafua vya kawaida kabisa, akameza viwili jioni. Saa nane za usiku alikuwa amesimama chooni, kibofu kimejaa kama ngoma, na hata tone halitoki. Alivyonisimulia, alifungua bomba la maji ili sauti imshawishi mkojo. Haukushawishika. Akapelekwa hospitali akawekewa mpira, ukatoka zaidi ya lita moja. Vidonge vile vilikuwa na pseudoefedrini inayobana njia ya mkojo na klorofeniramini inayolegeza nguvu ya kibofu. Mwenye tezi dume afanyeje hapo? Onyo lilikuwepo kwenye boksi. Yeye hana lenzi.

Klorofeniramini hiyo, pamoja na prometazini na difenhidramini, ni zile dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, na wengi wetu tunazinunua kwa ajili ya huo usingizi. Shemeji yangu alikuwa akimeza prometazini kila usiku. Alianguka njiani kwenda msalani na kuvunjika kifundo cha mkono, na kwa wiki kadhaa kabla ya hapo wanawe walikuwa wananong'ona kwamba mama ameanza kusahau. Alipoachishwa, akili ikarudi mahali pake. Haya si mageni. Mwaka 1991 daktari Mmarekani, Mark Beers, na wenzake walitoa orodha ya dawa zisizowafaa wazee, na chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kimekuwa kikiisahihisha. Toleo la mwisho nililosikia ni la 2023. Dawa hizo tatu zote zimo. Huleta kuchanganyikiwa, mdomo mkavu, choo kigumu, kuanguka. Halafu kwa choo kigumu tunanunua nini? Dawa ya kufungua choo. Mnaona tulipofika.

Mke wangu yeye alipatikana na kosa dogo zaidi, ambalo alilikataa kwa siku tatu nzima. Hapendi kumeza vidonge, hivyo alikuwa akinunua parasetamoli ya kuyeyuka kwenye maji, ile inayotoa povu. Povu lile linatokana na chumvi ya sodiamu, na kidonge kimoja kinaweza kubeba miligramu zipatazo 400 za sodiamu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima abaki chini ya 2,000 kwa siku nzima. Anayemeza 6 kwa siku ameshapitiliza kabla hajagusa sahani, na mwenye presha ndiyo kabisa.

Sitaki nieleweke kwamba maduka ya dawa yafungwe au kwamba vidonge vya maumivu ni sumu. Goti langu linajua thamani yake. Na wazee hatuendi kununua kwa ukaidi. Tunakwenda kwa sababu foleni ni ndefu, kwa sababu hatutaki kuwasumbua watoto, na kwa sababu tukisema tunaumwa tunaambiwa ni miaka. Mgonjwa aliyeambiwa hana ugonjwa atajitafutia daktari, na daktari wa karibu ni kaunta. Basi ningeomba kaunta hiyo ituulize maswali mawili kabla ya kupokea hela: una ugonjwa gani wa kudumu, na unameza nini kingine. Haichukui hata dakika. Na kliniki waliache lile swali la "kuna dawa nyingine?" kwani jibu lake tunalo kabla hawajamaliza kuuliza. Waulize kama alivyouliza yule binti, maumivu kwa maumivu.

Kwangu ibuprofeni ilisimamishwa, na dawa ya kikohozi pia. Enalaprili wakaibadilisha, kikohozi kikaisha baada ya wiki chache na mke wangu akarudi chumbani, ingawa anadai ni kwa sababu ya baridi. Presha ilishuka, dawa ya kukojoza ikaondolewa, kreatinini ikarudi karibu na ilipokuwa. Goti nalipaka dawa ya kuchua, nalifanyia mazoezi ya kunyanyua mguu nikiwa nimekaa, natembea na mkongojo niliokuwa nauonea aibu, na siku likizidi nameza parasetamoli kwa hesabu. Bado linauma. Sina la kudanganya hapo.

Na nimefungua daftari. Limechorwa mistari kama kadi ya stoo: tarehe, jina la dawa (si la boksi), kiasi, nimeinunua au nimeandikiwa, ya nini, na inaisha lini. Kliniki naingia nalo mkononi. Mara ya mwisho daktari alilisoma ukurasa mzima, akakuta dawa ya kiungulia niliyokuwa nameza karibu na kidonge cha madini ya chuma, akaniambia nizitenganishe kwa saa mbili au zaidi, maana ya kwanza huizuia ya pili isiingie mwilini. Mimi nilidhani ukurasa huo hauna kosa.

Mhariri, na wewe nina neno nawe. Gazeti lako huchapa matangazo ya dawa za maumivu. Mzee anacheka, meno yote yapo, anacheza mpira na wajukuu, na jina la dawa limejaza nusu ukurasa. Maneno ya tahadhari, yale ambayo mtu wa umri wangu ndiye anayeyahitaji zaidi, yamebanwa chini kabisa kwenye mstari mmoja ambao niliudhania ni doa la wino. Sijui kama ukubwa wa herufi hizo unapangwa na wewe au na mwenye tangazo. Jaribu kuusoma mstari huo mwenyewe, kwa taa ya kawaida, bila kusogeza karatasi puani. Ukishindwa, lenzi ninayo siku hizi. Nitakuazima, ila utaisaini.

Mtunza ghala mstaafu